Masomo iko mu telefone, mwalimu iko wapi?



Mwezi huu ninataka tuzungumze juu ya jambo ambalo limeingia nyumbani mwetu bila kubisha hodi. Zamani, mtoto alipokwenda kusoma inivasite, wazazi walitafuta sanduku, godoro na feza ya treni. Mama alilia kwenye gare. Leo mtoto mwingine anakwenda inivasite akiwa ameketi palepale kwenye kiti cha saluni, na mama yake anamtuma chumvi katikati ya somo. Inivasite yake iko ndani ya telefone.

Jioni moja, nyuma ya maombi, binti mmoja wa kanisa letu aliningojea mlangoni. Baba yake anatumika kwenye mugodi, na jamaa yote imejinyima ili yeye alipe minevali ya masomo anayofuata kwa njia ya intaneti. Akaniambia:

– Papa Pasta, mi nimechoka. Nataka kuacha.
– Masomo ni magumu, mwanangu?
– Hapana, Papa. Masomo iko. Vitabu iko. Ile platiforme yenyewe iko muzuri. Lakini miezi mbili niko naandika, hakuna mutu anajibu.

Akafungua telefone yake na kunionyesha. Alikuwa ametuma kazi sita. Mbele ya kila kazi palikuwa na neno moja tu: haijapata pointi. Katika nafasi ya maswali, yeye peke yake alikuwa ameuliza mara nne. Chini ya maswali yake palikuwa peupe.

Siku ile sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia angoje kidogo kabla ya kuacha, kisha nikaanza kusoma na kuuliza watu wanaojua. Hayo niliyoyapata ndiyo ninayokuletea leo, wewe mzazi unayelipa, wewe kijana unayesoma, na wewe mwalimu unayeombwa kufundisha namna hii.

Platiforme ni kitu gani?

Tusione haya kuuliza. Wengi kati yetu tunalipa kitu tusichokijua.

Vijana wanaita platiforme. Ni programu ambayo chuo kinaiweka kwenye intaneti ili kupanga masomo. Mwanafunzi anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, sawa mtu anayefungua mlango kwa ufunguo wake. Ndani anakuta masomo yake, kila somo katika chumba chake. Katika chumba kile kuna silabusi ya kusoma, video za kutazama, kazi za kufanya na tarehe ya kuzituma. Kuna nafasi ya kuuliza maswali na kuzungumza na wenzake. Kuna pia daftari la pointi, ambamo kila mmoja anaona zake mwenyewe.

Ukifikiri vizuri, hakuna kitu kigeni pale. Ubao wa matangazo, kabati la vitabu, meza ya mwalimu, daftari la pointi: vyote tulikuwa navyo shuleni. Vimehamishwa tu.

Vyombo hivi vina majina mengi. Katika miaka ya 1990, mwalimu mmoja wa inivasite ya British Columbia huko Kanada, Murray Goldberg, alitengeneza kimoja kilichoitwa WebCT. Mwaka 1997 kampuni ya Blackboard ilianza Marekani, na mwaka 2006 ikaimeza WebCT. Baadaye zikaja Canvas, na katika mwaka 2014 Google Classroom. Lakini kile ambacho nataka ukikumbuke kinaitwa Moodle, kwa sababu kinatolewa bure, chuo maskini kinaweza kukichukua bila kununua, na kwa sababu historia yake inajibu swali la binti yetu.

Mtoto wa jangwani na redio

Katikati ya Australia kuna jangwa kubwa. Watu wanaishi kule mbalimbali, mashamba ya ng'ombe yametengana kwa mamia ya kilometa, na haiwezekani kujenga shule kwa watoto watatu au wanne. Zamani wazazi walipokea masomo kwa posta na kuwafundisha watoto wenyewe.

Kulikuwa tayari na redio ndogo iliyotengenezwa na Alfred Traeger. Mtu aliizungusha kwa miguu, kama anaendesha kinga, ili ipate umeme. Waganga wa ndege waliitumia kusikia wagonjwa wa mbali. Mama mmoja mwalimu, Adelaide Miethke, akawaza: kama redio hii inaweza kumpeleka muganga kwa mgonjwa, kwa nini isimpeleke mwalimu kwa mtoto? Mwezi wa sita wa mwaka 1951, katika muji wa Alice Springs, shule ya hewani ikafunguliwa.

Sasa sikiliza vizuri. Mwanzoni mwalimu alisema tu, na watoto walisikia tu. Sauti ilikwenda upande mmoja. Lakini haikupita muda mrefu, wakaongeza mwishoni mwa kila somo nafasi ya maswali: mtoto anabonyeza, anasema, na mwalimu anamjibu. Waliona mapema kwamba sauti ya mwalimu peke yake haitoshi. Mtoto anahitaji pia sikio la mwalimu.

Miaka ilipita. Mtoto mmoja aliyesoma kwa redio ya namna hiyo katika jangwa la Australia ya magharibi, akipokea karatasi zake kwa ndege, aliitwa Martin Dougiamas. Alipokuwa mtu mzima alitumika katika inivasite ya Curtin, muji wa Perth, na kazi yake ilikuwa kuangalia ile WebCT niliyoitaja. Hakuridhika nayo. Mwaka 1999 akaanza kutengeneza chombo chake mwenyewe, na mwezi wa nane wa mwaka 2002 akatoa Moodle ya kwanza. Wazo lake lilikuwa kwamba watu wanajifunza wanapojenga kitu pamoja na kuonyeshana, si wanapomiminiwa maneno kama maji katika chupa. Kwa hiyo aliweka ndani ya Moodle nafasi nyingi za kuzungumza, kuuliza na kujibizana.

Ona basi. Mtu aliyetengeneza chombo hiki alikuwa mtoto aliyejua maana ya kusoma mbali na mwalimu. Alitengeneza milango ya kuzungumza. Lakini hakuna mtu anayeweza kutengeneza programu ya kumlazimisha mwalimu kupita katika mlango ule.

Waliosoma mbali na wakaridhika

Mtu atasema: Pasta, mwalimu wa mbali ni mwalimu wa mbali, hawezi kuwa karibu. Hapana. Nina mifano miwili.

Wa kwanza ni wa Uingereza. Mwaka 1969 serikali ya Harold Wilson ilianzisha inivasite iliyoitwa Open University, maana yake inivasite iliyo wazi. Haikuomba diplome ya kuingilia. Wafanyakazi wa viwanda, wamama wa nyumbani, maaskari, wote walikubaliwa. Masomo yalianza mwaka 1971 na wanafunzi zaidi ya 20.000. Vitabu vilikuja kwa posta, mafundisho mengine yalipita kwenye televizioni na redio ya BBC. Na kila mwanafunzi alipewa mwalimu wake mwenyewe wa kumsindikiza. Mwanafunzi alituma kazi, na mwalimu yule aliirudisha na pointi pamoja na maelezo: hapa umeelewa, hapa umepotea njia, soma tena ukurasa fulani.

Mwaka 2005 Uingereza ilianza kuuliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika inivasite, kila mwaka, kama wametosheka na masomo yao. Unafikiri nani alikuwa kati ya wa kwanza? Open University, ambayo wanafunzi wake walikuwa wametawanyika kila mmoja nyumbani kwake. Na mwaka uleule wa 2005 ndio ilichagua Moodle iwe platiforme yake. Maana yake ni kwamba wanafunzi walikuwa wameridhika hata kabla chombo hicho hakijakaa vizuri mahali pake. Walichokuwa nacho tayari ni mtu anayesoma kazi zao na kuzijibu.

Mfano wa pili ni wa nyumba yetu sisi wachungaji. Mwaka 1963, huko Guatemala, seminari ya Kipresbiteri iliona kwamba viongozi wengi wa makanisa ya vijijini hawawezi kuacha mashamba na watoto ili wakae shuleni miaka mitatu. Wakageuza mambo: badala ya mwanafunzi kwenda kwenye seminari, seminari ikamwendea. Mwanafunzi alisoma nyumbani katika kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya kujifundisha mwenyewe, alitumika katika kanisa lake, na kwa kawaida mara moja kwa juma mwalimu alikuja kuketi na kikundi cha wanafunzi mahali pa karibu. Njia hiyo ilienea katika nchi nyingi, hata Afrika. Kitabu bila mkutano wa juma, watu walikiacha sakafuni. Mkutano wa juma bila kitabu, watu waliongea tu. Vile viwili pamoja vilizaa matunda.

Wanafunzi wenyewe wanasema nini?

Turudi kwenye platiforme. Marekani ndiko vyombo hivi vimeenea sana, na huko watu wamewauliza wanafunzi mara nyingi kama wanavipenda. Mwaka 2014 shirika linaloitwa EDUCAUSE, ambalo linafuata mambo ya ordinatere katika vyuo, lilitoa ripoti yake. Katika vyuo 100, vyuo 99 vilikuwa na platiforme. Katika walimu 100, walimu 85 waliitumia.

Je, walitosheka? Ndiyo, lakini sikia namna gani. Walitosheka zaidi na mambo madogo ya kawaida: kupata silabusi, kutuma kazi, kuona pointi. Walitosheka kidogo zaidi na sehemu zile za kuzungumza na kushirikiana. Kwa maneno mengine, platiforme ilikuwa kabati nzuri sana, lakini haikuwa bado darasa.

Ukimwuliza mwanafunzi kwa nini anaipenda, atakuambia: ninaweza kurudilia somo mara tatu bila mtu kunicheka. Silabusi haipotei. Ninaona tarehe zote mahali pamoja. Mama mwenye mtoto mchanga anasoma saa ine ya usiku mtoto akilala. Mfanyakazi wa zamu anasoma anapotoka kazini. Hayo ni mambo mazuri ya kweli, tusiyadharau.

Ukimwuliza kwa nini inamchosha, hatasema kwanza juu ya mashine. Atasema: kila mwalimu anapanga chumba chake kwa namna yake, huyu anaweka kazi huku, yule anaweka kule, mimi ninazunguka kutafuta. Atasema: pointi zinachelewa, na zikija hakuna neno la kunieleza kwa nini nimepata 8 kwa 20. Atasema: siku ya mwisho ya kutuma, watu wote wanaingia pamoja na mlango unakwama. Atasema: tunalazimishwa kuandika katika nafasi ya mazungumzo ili tupate pointi, kila mmoja anaandika "ninakubaliana nawe", na mwalimu hapiti hata kutusalimia.

Mwaka 1989, Michael Moore, mwalimu aliyechunguza sana mambo ya kusoma kwa mbali, alieleza kwamba mwanafunzi anahitaji mazungumzo matatu: na somo lake, na mwalimu wake, na wanafunzi wenzake. Aliandika hayo wakati platiforme hazijakuwa. Lakini chukua kipimo hiki uende nacho kwenye chuo chochote, utaona kwamba kinapima hata leo. Binti yetu alikuwa na moja tu kati ya yale matatu. Alikuwa na silabusi. Mwalimu hakuwepo, na wenzake hakuwajua hata kwa jina.

Sisi wa migodi tunaelewa jambo hili haraka. Mtu anaweza kushuka shimoni na lampi mpya kabisa, yenye kuangaza sawa mchana. Lakini kama juu hakuna mtu anayeshika kamba, lampi ile itamwonyesha tu vizuri mahali alipo peke yake.

Kufurahi na kujifunza si kitu kimoja

Hapa ninataka kusema na vijana kidogo, na pengine hamtapenda.

Mwaka 2019, Louis Deslauriers na wenzake wa inivasite ya Harvard walitangaza matokeo ya jambo walilolijaribu katika somo la fizike. Kikundi kimoja kilisikiliza mwalimu hodari akieleza vizuri sana. Kikundi kingine kilipewa mambo yaleyale, lakini wanafunzi walifanya mazoezi wenyewe katika vikundi vidogo, wakihangaika kabla ya kuonyeshwa jibu. Kisha wakabadilishana. Wakati wa kujaribiwa, waliohangaika walipata pointi zaidi. Lakini walipoulizwa, haohao walisema wanafikiri wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza.

Umeelewa? Kuhangaika kulimfanya mwanafunzi aone kama hajui, na kumbe anajifunza. Kusikiliza maneno matamu kulimfanya aone kama anajua, na kumbe yamepita.

Kwa hiyo, kijana, usiseme upesi "platiforme hii ni mbaya" kwa sababu inakupa mazoezi mengi. Na usiseme upesi "hii ni nzuri" kwa sababu ina video za kupendeza na rangi nyingi. Jiulize jambo lingine: je, juma hili nimefanya kitu ambacho juma lililopita sikuweza? Kama jibu ni ndiyo, unajifunza, hata kama umechoka. Kama jibu ni hapana, hata ukiwa na furaha tele, kuna jambo halitembei.

Lakini tusichanganye uchovu wa namna mbili. Kuna uchovu wa mtu anayepanda mlima na rafiki yake akimwambia "bado kidogo". Kuna uchovu wa mtu anayeita porini bila kuitikiwa. Wa kwanza unajenga. Wa pili unavunja. Binti yetu alikuwa na ule wa pili.

Na kwetu je?

Wote tunakumbuka mwaka 2020. Mwezi wa tatu, wakati ugonjwa wa Covid ulipofika Kinshasa, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufunga shule na inivasite zote. Duniani kote watoto na vijana zaidi ya miliari moja na nusu walibaki nyumbani. Katika nchi nyingine, kwa majuma machache tu, masomo yalihamia kwenye platiforme. Kwetu, jamaa nyingi ziliona kwa macho kwamba jambo ambalo lilikuwa la anasa limekuwa la lazima, na sisi hatukuwa tayari.

Tangu wakati ule vijana wengi wamejiandikisha katika masomo ya namna hii, ya hapa na ya nchi za nje. Shida zao ni zetu wote: umeme unakatika mtu akiwa katikati ya mtihani, mega zinaisha kabla ya video kuisha, telefone ni moja kwa watoto watatu. Ripoti za Marekani haziongei sana juu ya mambo hayo.

Lakini kuna njia. Moodle ina programu yake ya telefone ambayo inaruhusu mwanafunzi kupakua somo mahali penye intaneti, kisha kulisoma nyumbani bila intaneti. Kijana anaweza kwenda mara moja kwa juma mahali penye mtandao mzuri, akajaza masomo yake ndani ya telefone, na kurudi. Mwalimu naye akiandika somo katika maandishi mepesi badala ya video nzito, amemsaidia mwanafunzi kuliko kumpa mega. Mambo haya hayahitaji feza nyingi. Yanahitaji mtu anayemfikiria mwenzake.

Kabla hujalipa minevali

Mzazi, usilipe kwa sababu ya picha nzuri kwenye tangazo. Uliza maswali haya, na uombe majibu yaliyoandikwa:

1. Mwanafunzi akiuliza swali, atajibiwa kwa siku ngapi?
2. Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi wa kuwasindikiza?
3. Kazi ikirudi, inarudi na pointi tu, au inarudi na maelezo?
4. Je, masomo yanafunguka kwenye telefone ya kawaida, na yanaweza kusomwa bila intaneti?
5. Umeme ukikatika wakati wa mtihani, mwanafunzi anafanya nini?
6. Diplome yenyewe inakubaliwa na wizara ya masomo ya juu? Usitosheke na neno la mdomo.

Chuo chenye mwalimu wa kweli nyuma ya platiforme hakitakasirika ukiuliza hivyo. Kile kinachokasirika kimekwisha kukujibu.

Kijana, wewe pia una sehemu yako. Usingoje siku ya mwisho kutuma kazi. Swali lako liwe la wazi: usiandike "sielewi", andika "nimefika hapa, nimefanya hivi, na hapa nimekwama". Tafuta wenzako wanaofuata somo lilelile, hata wawili, mkutane mara moja kwa juma. Na kama umengoja bila jibu, usinyamaze kwa heshima mpaka mwaka upotee. Andikia mkuu wa idara kwa adabu, taja tarehe za kazi ulizotuma. Kudai ulicholipia si ukaidi.

Nawe mwalimu, mpenzi wangu, najua umeongezewa kazi hii juu ya kazi nyingine, na pengine mshahara haukuongezeka. Lakini mistari miwili yako inaweza kumzuia mtu asiache. Hakuna aliyekuomba uwe mtalaamu wa ordinatere. Pita katika vyumba vyako mara mbili kwa juma, uwaite wanafunzi kwa majina yao.

Na binti yetu?

Nilimwita tena nyuma ya majuma mawili. Tulikaa pamoja na wazazi wake, tukaandika barua kwa chuo, na tarehe zote za kazi zake sita. Hatukutukana. Baba yake alitaka kuongeza maneno makali mwishoni, mama akamzuia.

Jibu lilikuja siku ya tisa. Walisema mwalimu wa somo lile alikuwa ameondoka na hakuna aliyewekwa mahali pake. Miezi miwili, wanafunzi walikuwa wanaandika kwa mtu ambaye hayupo! Chuo kikaweka mwalimu mwingine. Kazi nne zimerudi na maelezo, mbili bado. Masomo mengine anayofuata yanatembea vizuri, mengine kidogo. Hajaacha. Lakini aliniambia neno ambalo ninakuachia:

– Papa, siku ile nimeona mwalimu ameandika jina langu, nilisoma ile kazi mara tano. Na alikuwa amenipa 7 kwa 20!

Alipata 7 kwa 20, na alifurahi. Si kwa sababu ya pointi. Alijua sasa kwamba juu ya shimo kuna mtu anashika kamba.

Wazazi, jioni hii mwulizeni mtoto wenu anayesoma kwenye telefone: juma hili, nani amekujibu? Kisha mnyamaze mumsikilize mpaka mwisho.

Tuonane mwezi ujao.